Somo la Vizibo

Chai ilikuwa bado inafuka mvuke wakati mwalimu wa hesabu, akiperuzi mtandao wa walimu ofisini, alipokuta somo lake mwenyewe likipongezwa na watu mia nne.

Ni yeye aliyebuni kufundisha nusu na robo kwa vizibo vya soda. Lakini jina lililokuwa juu lilikuwa la mwalimu mkuu: "Mbinu niliyoivumbua darasani kwangu." Darasani kwake! Mtu ambaye hajashika chaki miaka sita!

Picha ya somo ilikatwa ili sura ya mwalimu wa hesabu isionekane. Lakini mkono wake ulisahauliwa, pamoja na kovu la moto kwenye kidole gumba.

Akachukua simu yake. Akamfuata mwalimu mkuu aliyekuwa akipokea hongera za walimu dirishani.

"Mkuu, huu mkono ni wa nani?"

"Aa, mwalimu, sisi si familia moja? Cha mmoja ni cha wote."

Mwalimu akaanza kuandika ukweli chini ya zile pongezi.

"Ukituma hayo," mkuu akamnong'oneza, "barua yako ya kupanda cheo haitatoka mezani kwangu."

"Barua? Miaka miwili unaniapia haijafika!"

Ofisi nzima ikageuka kuwatazama. Mwalimu akatuma.