Digidigi Aenda Kuomba Radhi

Digidigi alijifungua mtoto aliyepasuka mdomo wa juu, na ufa ukaingia mpaka kwenye kaakaa. Kila akinyonya, maziwa yalimtokea puani, naye akazidi kukonda.

Kanga, jirani mwenye vifaranga tele, alikuwa na jibu kabla hajaulizwa. "Shoga yangu, ulipokuwa mjamzito ulimcheka Sungura kwa ule mdomo wake wenye ufa. Haya ndiyo malipo. Nenda kamwombe radhi."

Digidigi alikumbuka kwamba kweli aliwahi kucheka. Akambeba mtoto hadi kwa Sungura, akapiga magoti, akatubu huku analia.

Sungura alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwenzangu, nani porini humu hajanicheka? Huyo Kanga hunicheka kila asubuhi, tena kwa sauti. Mbona vifaranga wake wazima?"

Sungura akamwinua kutoka magotini.

"Mtoto kazaliwa hivyo, wala si kosa lako. Leo amekula?"

"Bado. Nimetanguliza toba."

"Toba haishibishi. Mkalishe wima, umkamulie mdomoni kidogo kidogo, usubiri ameze. Akishanenepa tutampeleka kwa Mnana, fundi wa kushona viota, amshone."

Jioni Kanga alikuja mbio. "Haya, nipe habari! Amekusamehe?"

Digidigi hakuinua macho. Alikuwa akikamua tone baada ya tone, na mtoto akimeza.

"Aliniuliza kama mtoto amekula," akasema. "Wewe hukuuliza."