Jiwe Jeupe

Siku mchoraji Kasiani alipoanguka kutoka kwenye jukwaa na kufa, dari ya kanisa ilikuwa imebakiza kona moja tu bila mawingu. Rafiki yake Fulgensi aliimaliza kazi peke yake. Juu ya vichwa vya watu sasa ilifunguka mbingu yote, yenye nguzo za dhahabu na malaika waliopeperushwa nguo na upepo, na katikati yao Fulgensi alikuwa amemchora Kasiani.

Apolonia, mjane wake, alipoingia alitazama juu, akashika ukuta.

"Umemchora anaanguka tena," alisema. "Hata wewe, Fulgensi?"

"Hapana, shemeji. Ukiwa hapo mlangoni kila kitu kinapinda, hata nguzo. Njoo huku."

Alimwongoza hadi kwenye jiwe moja jeupe, katikati ya sakafu.

"Simama hapa. Dari yote tuliipima kutoka hapa. Haya, tazama."

Nguzo zilikuwa zimenyooka. Kasiani alikuwa anapaa, mikono wazi, kandambili moja ikimchomoka mguuni.

"Huyu mtu!" Apolonia alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Nilimwambia anunue viatu."

 Fulgensi alikuwa anatazama chini.

Siku hizi, kila Jumapili, waumini humwachia Apolonia jiwe lile. Misa ikiisha, yeye huwa wa mwisho kuondoka. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua arobaini, naye huzitembea zote akiwa ameinamisha kichwa.