Utomvu wa Buibui

Katika kichuguu kimoja, maagizo yote ya ukoo wa mchwa yaliandikwa kwenye uzi mrefu, nao ulizungushwa kwenye vibonge vya udongo. Mchwa waliweza kuusoma pale tu ulipolegea. Mtunzaji wake alikuwa Buibui, bibi mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kutia matone ya utomvu kwenye vibonge hivyo.

Siku siafu walipofika mlangoni, agizo la kuota taya za kupigania lilikuwa likisomwa, lakini polepole. Nyenje asiyejua kungoja, mshauri wa Malkia, akagusa kibonge cha agizo la kuota mbawa. Kilikuwa na utomvu, na uzi wake umekaza kabisa.

"Mama Malkia, kumbe huu utomvu ndio kufuli! Tuukwangue wote, taya ziote upesi!"

"Usiguse, mwanangu," Buibui akasihi. "Utomvu ni uleule, ila angalia nimeutia wapi. Nikiutia kiunoni mwa kibonge, uzi hukaza. Nikiutia utosini, hulegea. Kile cha taya nimekitia utosini."

"Siafu wako mlangoni, nawe unatupa somo!" Malkia akafoka. "Kwangueni!"

Wakakwangua. Uzi wa taya ukakaza. Uzi wa mbawa ukalegea, mchwa wakausoma, wakaota mbawa, wakaruka wote nje ya kichuguu. Nyenje akawafuata.

Malkia, mzito asiyeweza kutembea, akasikia siafu ukumbini.

"Bibi, rudisha utomvu!"

Buibui akadondosha tone utosini mwa kibonge cha taya. Uzi ukalegea.

"Nimerudisha, Mama," akasema. "Nani atausoma?"