Jicho la Salme na Ungo wa Mchele

Bi Rukia alimimina mchele kwenye ungo, akamwita mjukuu wake.

"Njoo, mke mwenzangu, unisaidie kuchagua."

Salme akaja na jicho lake la kushoto, lile lililoingiwa na saratani. Dawa za kutiwa mshipani na miale ya hospitali ziliuua uvimbe, jicho likabaki mahali pake. Kama linaona au ni pambo tu, daktari alisema watajua siku ya kupimwa. Bi Rukia hakutaka kuingoja siku hiyo. Alishika upindo wa kanga yake, akamziba mtoto jicho la kulia, lililo zima.

"Mama, mwache apumzike," alisema Nasra, mama yake Salme, akiwa mlangoni.

"Kapumzika vya kutosha. Haya, Salme, mikono nyuma. Usipapase. Niambie tu jiwe liko wapi."

Mtoto aliinama, akalaza kichwa upande kama kuku anayesikiliza.

"Jiwe silioni, bibi."

Nasra akageuza uso. Bi Rukia hakuulegeza upindo.

"Tazama tena, taratibu. Mchele haukimbii."

"Punje moja inakimbia."

"Punje gani hiyo?"

"Nyeusi. Ina miguu. Inakuja kwako."

Bi Rukia aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ungo. Kwa macho yake ya uzee aliona weupe mtupu. Lakini kwenye kidole gumba alichoshikia ungo alihisi vijiguu vyembamba, vikipanda bila haraka.