Mwanamke wa Ukutani

Mwanamke wa ukutani hakuwa na miguu. Alichorwa vizuri kuanzia kitambaa cha kichwani hadi pindo la kitenge, na hapo rangi ikaishia, kana kwamba mchoraji ameitwa kwenda kula.

Mama Victoire alisimama mbele ya ukuta huo wa depo, ghala la kahawa lililoachwa na wazungu wa zamani. Paa lilikuwa limeanguka, na mvua ilikuwa imechora mistari ya kijani juu ya chokaa. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Sura ile ilikuwa yake mwenyewe: jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kitunga cha mihogo mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Mwanawe Delphin, mchoraji wa kuta za saluni na baa za Butembo, alizoea kumchora hivyo. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu alipokwenda kutafuta kazi upande wa Mutwanga, vita vikafunga njia nyuma yake. Kila jioni mama yake bado alimwekea sahani.

"Njo yeye," alisema. "Octave, ni mutoto yangu. Mais, lakini juu ya nini hakumaliza miguu?"

Octave alikuwa amevua kofia. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyeletwa na jeshi. Siku hizi alikuwa ameacha bunduki, akiendesha pick-up. Ndiye aliyemkuta Victoire akiuza maharage sokoni Beni, akamkodolea macho kama mtu aliyeona mzimu, kisha akasema: "Mama, uso yako niliiona ku ukuta." Hakutaka nauli. Tena alikunja koti lake akalitandika juu ya kiti, maana springi zilikuwa zimechomoza.

Victoire alipiga hatua ili aguse ukuta.

"Hapana pita pale, mama!" Octave alimshika kiwiko. "Kuko upupu."

Akamzungusha upande wa pili, polepole, kama anavyoongozwa mgonjwa. Victoire hakuona upupu, aliona nyasi laini tu. Lakini alimshukuru.

"Na Delphin alikimbilia wapi?"

Octave alitazama kofia mikononi mwake.

"Pengine mbele kule," alisema. "Nitatafuta, mama."

Wiki iliyofuata alirudi sokoni akihema. "Mama, nimepata ingine! Mupya!"

Safari hiyo Victoire alipanda na shati jipya la Delphin na ndizi za kuchemsha zilizofungwa ndani ya majani.

"Ii chakula yote ni ya bataliyo ya jeshi?" Octave alimtania.

"Delphin anakulaka sawa bataliyo. Na weye, mbona umekonda? Bibi yako hapana anapika?"

"Anapika, mama. Usingizi njo inanikatala."

Walipita depo bila kupunguza mwendo. Barabara ilikuwa ya zamani, ya mashamba, na mibuni iliyosahauliwa ilikuwa imerefuka kuliko gari, ikikwaruza vioo. Hawakukutana na mtu. Kuku hakulia, mbwa hakubweka. Milima ilikuwa imejificha yote ndani ya mawingu. Victoire alilaza shati mapajani, akalinyoosha kola tena na tena.

Octave alisimamisha gari mbele ya nyumba kubwa ya mlowezi, veranda yake imeota miti.

"Ni kule nyuma," alisema. "Atakuchekelea."

Kweli alikuwa anacheka, mwanamke yule. Jicho la kushoto lilikuwa dogo. Alikuwa na miguu miwili mizuri, ndani ya sandali nyekundu, na kitunga kilikaa wima juu ya kichwa chake kama mtungi. Rangi ilinuka bado.

"Unaona, mama? Amemaliza miguu! Donc mutoto yako iko muzima!"

Victoire alisogea karibu na ukuta. Kidole chake kilipanda chenyewe hadi kwenye paji la uso, kikapita juu ya ule mfereji ambao kamba ilikuwa imeuchimba tangu alipokuwa msichana.

Kisha akaketi kwenye ngazi ya veranda na kufungua ndizi za Delphin.

"Kuja, mwanangu. Kula."

"Mais, mama, ile ni ya…"

"Kula."

Octave aliketi, akala bila kuinua macho. Victoire aliushika mkono wake uliokuwa huru, akaugeuza, akatazama wekundu wa rangi uliobaki chini ya kucha. Akaendelea kuushika.

"Umechora muzuri," alisema. "Mais bamama ba kwetu hababebake kitunga ku kichwa. Kamba inapita hapa, ku uso. Delphin njo alikuwa ananikazia ile kamba."

Octave aliweka ndizi chini.

"Aksanti juu ya miguu," alisema Victoire. "Sasa unipeleke fasi, pale ulimuzika."

Octave aligeuza gari. Walipofika kwenye depo alivua kofia, akamwongoza hadi kwenye zile nyasi laini, na safari hii hakumwambia habari za upupu.