Koki ya Bi Mwanasiti

Siku hizo kila koki mjini Pangani ilitambua mikono ya watu wanne tu wa nyumba yake. Mgeni hakupata hata tone. Koki hiyo aliibuni Bi Mwanasiti alipokuwa msichana, akapewa hataza, na mafundi wote walimjua kwa jina.

Siku mwanawe Shaibu alipooa, wanawake walijazana jikoni kushuhudia bibi harusi akitambulishwa kwa koki. Nuru alikunja mikono ya gauni, akaweka kiganja chenye hina juu ya shaba. Koki ilinguruma kidogo, kisha maji yakatoka kwa kishindo, yakamlowesha mpaka kifuani. Vigelegele vikapaa. Shangazi mmoja akachota kwa bakuli akawarushia wenzake, na Bi Mwanasiti akacheza mpaka mtandio ukamdondoka.

"Sasa umekuwa wa nyumba hii, mwanangu," alisema huku akihema.

Wageni walipotoka kwenda kula biriani uani, yeye alibaki nyuma anawe mikono. Akaweka kiganja juu ya koki. Kimya. Kwa furaha alikuwa amesahau kanuni aliyoitunga mwenyewe: mkono wa tano ukiingia, ule wa zamani kuliko yote hufutwa.

Nuru alimwona kutoka mlangoni, akarudi haraka. "Ngoja nikufungulie, mama."

Maji yakatiririka. Bi Mwanasiti akanawa taratibu, akitabasamu.

"Usiende mbali, basi," alisema.

Nuru akacheka, akidhani mama mkwe anatania.