Taa ya Tatu

Kila chumba cha Mtaa wa Mabanzi kilikuwa na sikio la chuma ukutani, lenye taa tatu. Likisikia vikohozi vitatu vya kifua kikuu, tingatinga linakuja kubomoa nyumba. Kule mlimani, kwenye nyumba za madirisha mapana, masikio hayo hayakuwekwa.

Jana ilibomolewa nyumba ya Tabu. Jirani yake Nyamizi alimpokea na wanawe watano, maana jirani hafukuzwi. Wakalala kumi na mmoja kwenye chumba chenye kidirisha kimoja.

Asubuhi Tabu alikohoa, sikio likawasha taa ya kwanza. Alipokohoa tena na taa ya pili kuwaka, Masanja, mume wa Nyamizi, alimrukia akamkandamiza mto usoni.

"Mwache, baba Limi, utamuua."

"Bora afe yeye kuliko nyumba."

Nyamizi alichukua mchi, akampiga nao kichogoni. Masanja akaanguka, damu ikatapakaa mkekani.

Nyamizi alipoinama kumgeuza, kifua kilimwasha. Aliuma pindo la khanga, lakini kikohozi kikamtoka. Taa ya tatu ikawaka.

Binti wa Tabu akaanza kukunja mikeka. "Leo tunahamia kwa nani, mama?"

Nyuma ya ukuta, jirani alisikika akifunga komeo.